Dada Zena Alivyokwenda Kuchaguliwa

Tangu turudi, kila anayeleta baiskeli hapa Majengo nimzibie pancha anauliza kwanza habari za Dar, ndipo anakumbuka gurudumu lake. Nimesimulia mara nyingi mno. Na kila nikisimulia najikuta nimepunguza lawama upande wangu na kuongeza upande wa wazungu. Kwa hiyo nimeandika. Atakayeuliza tena nitampa daftari hili asome hapo kwenye benchi, nami niendelee na spoku zangu. Mambo ya barua, mihuri na kusaini sitayagusa, maana hayo kila mtu wa nchi hii anayajua.

Kwa wasiotujua: Zena ni dada yangu wa tumbo moja, amenizidi miaka kumi. Mama alipofariki ni yeye aliyenibeba mgongoni kwenda naye shambani, na ni yeye aliyeuza mpunga wake ili ninunue pampu yangu ya kwanza. Analima kijijini Kakese. Mumewe ni marehemu, watoto ni wanne. Alipomzaa huyu wa mwisho ndipo miguu ilipoanza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Mwaka wa kwanza tulisema ni uzazi. Mwaka wa pili tukasema ni kijicho cha watu. Mwaka wa tatu daktari wa hapa mjini akasema moyo umetanuka na umechoka, akampa vidonge vya kumkojoza maji na akamkataza chumvi.

Daktari huyo huyo, kijana mpole asiyejua kupaza sauti, ndiye aliyetuita akasema kuna hospitali Dar es Salaam ambako madaktari wa nje wamekuja na kifaa kipya cha moyo. Bado kinajaribiwa, alisema, hakijulikani kama kitafaa. Wanachagua watu. Watampima damu, watampiga picha ya moyo, watamuuliza maswali na watamtembeza. Wakimchagua watamwekea bure na kumwangalia.

Majirani walisema tunakwenda kufanywa panya wa majaribio. Mimi nilisikia neno moja tu: wanachagua.

Baba yetu alikuwa Mnyamwezi, na ujana wake uliishia kwenye mashamba ya mkonge. Alikuwa manamba. Alitusimulia tangu tukiwa wadogo jinsi mzungu wa kuandikisha alivyowapanga mstari, akawagonga vifua, akawaambia wakimbie hadi kwenye mti na kurudi. Aliyekohoa alirudishwa. Aliyeshika magoti alirudishwa. Hao waliorudishwa walifika nyumbani na aibu, hata wake zao walinyamaza. Baba alichaguliwa mara tatu, na hakuna jambo alilojivunia kama hilo. "Wakikuangalia," alikuwa akisema, "usiwaonyeshe pa kukukataa."

Huo ndio urithi wetu. Hakutuachia ng'ombe wala shamba.

Mpanda hadi Kaliua

Treni ilitakiwa iondoke mchana, ikaondoka jioni, kwa sababu ambayo hakuna aliyeelezwa na hakuna aliyeiuliza. Zena alipanda na vitu vitatu: kapu la nguo, sufuria ya kande isiyo na chumvi, na nusu gunia la mchele wa Kakese. Nilimwambia aache huo mchele. Akasema hawezi kwenda kwa watu watakaomsaidia na mikono mitupu. Lakini mimi nilijua pia kwamba gunia ndilo kitanda chake. Kwa muda mrefu alikuwa halali chali. Nyumbani kwake kuna mto mmoja wa pamba, aliopewa alipoolewa. Usiku aliuweka juu ya gunia la mpunga, akaegemea hapo amekaa, hadi kunakucha. Akilala chini anasema maji yanampanda kifuani.

Stesheni ya Katumba alipanda mama mmoja mnene mwenye madumu ya asali, anaipeleka Tabora. Alikaa mbele yetu, akamwangalia Zena kama mtu anayeangalia mbuzi kabla ya kununua.

"Mgonjwa wako anaumwa nini?" akaniuliza mimi.

Zena akajibu mwenyewe. "Siumwi, mama. Nasafiri tu."

"Huumwi! Na huo mshipa wa shingo unaoruka kama koo la chura?"

"Ni joto."

"Mwanangu, mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nimezika dada kwa hiyo 'siumwi.'"

Zena aligeuka dirishani, hakumsemesha tena hadi tunakaribia Ugalla. Mimi nilikuwa upande wa dada yangu. Nilimwona yule mama ni mtu asiye na adabu, wa kumtaja mtu shingo yake mbele ya behewa zima. Tulivyosimama porini, injini imekufa, mbung'o wakaingia na kutuuma wote bila ubaguzi, na nilifurahi kidogo nilipoona wanampenda zaidi yeye na asali yake. Najua si vizuri kuandika hivyo. Lakini ndivyo nilivyokuwa.

Kaliua, tulipokwama

Tulifika Kaliua tukaambiwa treni ya kutoka Kigoma imechelewa. Imechelewa kwa saa ngapi? Imechelewa tu. Tulikaa pale kutwa nzima na kesho yake hadi alasiri. Watu walitandika kanga, wakapika chai. Wauzaji walituletea viazi vitamu, mayai ya kuchemsha na maziwa ya mgando kwenye vibuyu, na kila mmoja aliapa kwamba treni itakuja baada ya sisi kumaliza kununua kwake.

Na hapo ndipo nilipofanya kazi ambayo najutia kila siku. Nilimwambia Zena tusikae bure. Daktari kasema watamtembeza. Kwa hiyo tufanye mazoezi.

Palikuwa na mizani ya mizigo upande mmoja wa jukwaa na bomba la maji upande mwingine. Nikamwambia atembee kutoka mizani hadi bomba na kurudi, bila kusimama na bila kuonyesha. Alienda mara nne akakaa juu ya gunia, ameshika kifua, mdomo wazi. Nikamnunulia maziwa. Nikamwambia afunge mdomo, avute hewa kwa pua, aangalie mbele kama mtu anayepanda miche ya mpunga, asiyeangalia mwisho wa jaruba. Mchana akafika mara sita. Kesho yake asubuhi, mara tisa. Zena ni mtu wa kazi. Ukimwonyesha jinsi ya kufanya kitu atakifanya hadi akipate.

Mama wa asali alikuwa amekaa juu ya dumu lake anatuangalia. Alifyonza.

"Kaka, unamfanyia nini mwenzio? Unamnoa kama ng'ombe wa mnada?"

"Mama," nikamwambia, "uza asali."

Hadi leo nasikia jinsi nilivyolitamka lile neno.

Tabora hadi Dar es Salaam

Alishuka Tabora. Kabla hajashuka alimpa Zena chupa ya asali akamwambia, "Lamba kidogo kidogo, haina chumvi." Mimi hakuniaga, na alikuwa na haki.

Safari iliyobaki nitaifupisha, ingawa yenyewe haikujifupisha. Saranda wachuuzi walileta kuku wa kukaanga kwenye sinia, wale kuku wanaosifiwa reli nzima, na mimi nilinunua, nikala, mafuta yananitiririka hadi kwenye kiwiko. Zena alikuwa anatafuna kande yake iliyoanza kuchacha. Aliniomba mfupa.

"Una chumvi," nikamwambia.

"Sitaula. Nataka kuunusa tu."

Akaunusa, akanirudishia. Nikaona haya, lakini nilimalizia nyama.

Kabla ya Kilosa tulisimama tena, maji yamefunika reli, tukasubiri yapungue. Jirani yetu wa behewa, mzee aliyestaafu jeshi, aliponisikia habari ya kuchaguliwa akaniunga mkono mia kwa mia. "Hata sisi ilikuwa hivyo hivyo," alisema. "Anayechechemea siku ya usaili anarudi kwao na kapu lake." Nikamtazama Zena, kama kumwambia, unaona? Zena akaitikia kwa kichwa. Na treni ilipokuwa imesimama vile, akanyanyuka, akatembea kutoka mlango hadi mlango wa behewa, akivuka miguu ya watu na kuku wao, mara kumi na mbili.

Tulifika Dar es Salaam na siku mbili za kuchelewa. Hospitali ilitupa chumba nyuma ya wodi, vitanda viwili, kila kitanda na mto wake mmoja mwembamba kama chapati.

Chumba cha maswali

Aliyetupokea ni Sista Joyce, nesi wa makamo mwenye sauti ya kukatisha lakini macho mazuri. Zena akamkabidhi mchele hapo hapo, kwa mikono miwili, amepiga goti. Sista Joyce akasema jamani mama, usingejisumbua, halafu akaunusa, akasema huu ndio mchele, siyo tunaokula huku. Akalisukuma gunia chini ya meza yake.

Daktari mgeni alikuwa kijana mrefu, mwekundu wa jua, mstaarabu. Sitamsema vibaya kwa kitu ambacho hakukifanya. Damu na picha ya moyo zilipokwisha kuchukuliwa, alituonyesha kifaa chenyewe. Kilikuwa bapa, kidogo kama kopo la rangi ya viatu, na nyaya tatu. Sista Joyce akatafsiri kwamba moyo wa Zena upande mmoja unapiga kabla na mwingine unachelewa, na kifaa kinaziambia pande zote zipige pamoja. Hilo nililielewa kuliko wote mle ndani. Nimeona baiskeli nyingi zilizofungwa pedali vibaya, mwenye nayo anakanyaga hadi anatoka jasho na haiendi. Huhitaji miguu mipya. Unahitaji fundi azipange. Nilikishika kile kifaa, nikakipima uzito mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu Mpanda niliamini kabisa kwamba dada yangu atapona.

Kisha maswali.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo."

"Unaendeleaje na hali yako?"

"Nzuri, namshukuru Mungu."

Angejibuje? Sisi mtu akiwa anakata roho ukimuuliza hali atakuambia afadhali ya jana. Kwanza unajibu vizuri, halafu mkishakaa, mkishakunywa maji, ndipo unasema ukweli. Lakini pale hapakuwa na maji ya kunywa. Sista alikuwa anaandika.

"Ukilala usiku, unalalia mito mingapi?"

"Mmoja," alisema Zena.

Na ni kweli. Ana mto mmoja. Hajawahi kuwa na wa pili. Gunia halikuulizwa. Gunia lilikuwa chini ya meza, karibu na viatu vya Sista Joyce, na mimi nilikuwa nimekaa nalitazama. Sikusema kitu. Wala siwezi kusema sikuelewa swali. Nilielewa kidogo, kwamba wanataka kujua kama analala vizuri, na nikafurahi kwamba kajibu mmoja.

"Ukipanda ngazi, unachoka?"

"Sijawahi kuchoka kwa ngazi."

Hilo nalo kweli tupu. Kakese hakuna ghorofa. Ngazi pekee aliyokuwa ameipanda maishani ni ile ya behewa, na alisukumwa na mimi kwa nyuma. Daktari aliandika, akatabasamu, na sisi tukatabasamu naye.

Usiku ule, bila gunia, Zena alilala amekaa kwenye kiti. Hakuna aliyekuja kuangalia.

Koridoni

Mtasema nimeita hii nayo safari. Ndiyo. Kutoka Mpanda hadi Dar ni mwendo mrefu, lakini ule wa koridoni ndio uliotufikisha tulipofika.

Waliweka kiti huku na kiti kule, katikati mita thelathini za sakafu iliyopigwa deki ikanukia dawa. Sista Joyce alikuwa na saa ya kubonyeza.

"Mama, utatembea kutoka kiti hiki hadi kile na kurudi, kwa dakika sita. Tembea kadiri unavyoweza. Ukichoka, kaa kwenye kiti, pumzika, halafu endelea. Haya si mashindano. Umenielewa?"

"Nimeelewa," alisema Zena, akanitazama mimi.

Nikamkonyeza. Baba alituambia wale wa mkonge nao walikuwa wakisema taratibu, taratibu, huku macho yao yanahesabu.

Zena akavua ndala. Akafunga kanga vizuri kiunoni. Alifunga mdomo, akavuta hewa kwa pua, akaangalia mbele kama nilivyomfundisha, akaenda. Nilihesabu kwa vidole, kwenda moja na kurudi moja. Nne. Pale ndipo alipokuwa akikaa siku ya kwanza Kaliua. Hakukaa. Nane. Wagonjwa wawili waliokuwa kwenye benchi waliacha kuongea. Kumi na mbili. Mshipa wa shingo ulikuwa unaruka na kanga ya begani ilikuwa imelowa, lakini uso wake ulikuwa shwari kama wa mtu anayepeleka chai kwa wageni. Kila alipokuwa anarudi kwangu nilimtingishia kichwa kumtia moyo, na kila nilipomtingishia aliongeza mwendo.

Saa ikalia. Kumi na sita.

"Umechoka, mama?"

"Hata kidogo." Aliweka mkono ukutani, kama anasoma kalenda iliyotundikwa pale.

Daktari mgeni akainua nyusi, akasema kitu kwa kizungu kilichokuwa na furaha ndani yake. Mimi nilitaka kupiga makofi. Mungu anisamehe, nilitaka kupiga makofi.

Nilimtoa nje haraka, nyuma ya jengo, kabla hawajaona. Alikaa chini kwenye mchanga, kisha akalala ubavu, kisha akakaa tena kwa sababu kulala kulimnyonga. Midomo ilikuwa kama jivu. Alikohoa povu jepesi. Nilimpepea kwa ile ndala yake. Ilichukua muda mrefu hadi akaweza kusema.

"Nimefika ngapi?"

"Kumi na sita."

"Baba angefurahi," alisema.

Kwenye kantini

Alipopata nafuu nilimpeleka kantini ya nje ya geti nikamwagizia uji usiotiwa chumvi. Alikuwapo mzee mmoja wa Kisarawe, Mzee Kondo, Mzaramo, ambaye alitembezwa kabla yetu asubuhi ile. Aliposikia baba yetu alikuwa Mnyamwezi, basi. Mnajua watani walivyo.

"Aa, wabeba pembe zangu hawa! Nimekuona, mtani, unavyokwenda mle ndani. Nikasema huyu mizigo yake iko wapi? Nyie tangu enzi za misafara, mkiambiwa tembea mnatembea hadi mnafia njiani, na tajiri hata hajui majina yenu."

Zena akacheka. Nami nikamuuliza yeye alifika ngapi.

"Mimi? Nilikwenda mara tano nikakaa. Nikaomba maji. Nikaenda tena, nikakaa. Kwani nimekuja kufanya nini, kama si kuumwa?"

"Na mito?"

"Minne. Na wa tano nampokonya mke wangu. Mbona unaniangalia hivyo? Hamkuambiwa? Hiki kitu ni cha wanaoshindwa. Aliyeweza kutembea wa nini kumpasua?"

Nilikuwa na kipande cha andazi mdomoni. Sikukimeza wala sikukitema. Zena alikuwa ameweka kikombe chini, anautazama uji wake. Alielewa kabla yangu, nafikiri, na mimi nikaondoka mbio bila kulipa hata chai.

Ofisini alikuwapo Sista Joyce na daktari mgeni. Sista akanyanyuka anatabasamu. "Kaka, nilikuwa nawafuata. Mwambie mama hongera. Moyo wake una nguvu kuliko barua ilivyosema. Hahitaji kifaa kwa sasa, ataendelea na vidonge."

Nilieleza yote. Nilieleza manamba, mti wa kukimbilia, mizani na bomba la Kaliua. Nikaenda chini ya meza nikalivuta gunia mwenyewe, nikaliweka katikati ya chumba. "Huu ndio mto wake," nikasema. "Halali kwenye mto, analala kwenye hili. Muulizeni tena. Mtembezeni tena." Sista Joyce alikuwa anatafsiri, halafu akawa anatafsiri polepole, halafu akajifuta pua.

Zena alikuwa amefika mlangoni, anajishika fremu. Daktari mgeni akaenda akapiga magoti mbele yake, pale pale sakafuni, akabonyeza mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Akalitazama lile shimo kwa muda. Aliporudi alizungumza na Sista, na hakuwa na furaha tena.

"Anasema anakuamini," alisema Sista Joyce.

"Basi ampime tena."

"Anasema hawezi. Utafiti una sheria, na sheria hakuziandika yeye. Namba imeshaandikwa. Na sasa mmeshajua kinachotafutwa. Akitembea tena akashindwa, haitajulikana kama ameshindwa kwa ugonjwa au kwa kutaka. Hata akianguka, wataandika nini?"

"Waandike ameanguka," nikasema.

Hilo hakulitafsiri.

Hapo ndipo penye uchungu wangu, ndugu zangu, siyo pengine. Asingeniamini ningemtukana nikaondoka. Lakini aliniamini! Alikuwa ameona shimo kwenye mguu kwa macho yake. Walikuja kutoka mbali na akili zao zote na saa ya kubonyeza, wakauliza mito kwa mtu mwenye mto mmoja na ngazi kwa mtu wa Kakese, wakapata majibu ya kweli kabisa, na ukweli huo ndio uliomtoa. Uongo wetu walikuwa wameuandika bila shida. Ukweli wetu ulipokuja ukakosa mstari kwenye fomu.

Nikainama nichukue gunia letu, kwa hasira. Zena akasema, "Liache, Hamisi. Zawadi hairudishwi."

Kurudi

Asubuhi ya kuondoka Sista Joyce alikuja na furushi la magazeti lililofungwa kwa kamba. Ndani yake mlikuwa na mito miwili ya sponji, kutoka nyumbani kwake, foronya zimepigwa pasi. Hakutoa hotuba. Alimkabidhi Zena, akasema, "Samahani, mama," akarudi kazini. Watu wanarudi kutoka Dar na redio. Sisi tulirudi na mito.

Mzee Kondo, aliyekuwa amechaguliwa, alitusindikiza hadi getini kwa mwendo wake wa kupumzika. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Alimshika Zena mkono.

"Mtani, sheria unaijua. Ukifa, mimi ndiye wa kuja kufanya fujo msibani kwako. Lakini Mpanda ni mbali na mimi ni mgonjwa. Kwa hiyo usife, utanisumbua."

Zena alicheka hadi akakosa pumzi, ikabidi tumkalishe.

Kwenye treni hakuna aliyetuuliza habari, au walituuliza tukajibu nzuri. Sikumbuki nilichokula. Saranda wale kuku walipita dirishani na sikuwaita. Zena aliegemea mito ya Sista Joyce, amefumba macho, na ile chupa ya asali mapajani.

Kaliua tulishuka kubadilisha, na treni ya Mpanda haikuwapo, bila shaka. Mizani ilikuwa pale pale, na bomba pale pale, linachuruzika. Nilimtandikia kanga mbali navyo, lakini alivitazama.

"Dada, nisamehe," nikasema.

Aliisogeza ile chupa ya asali pembeni. Halafu akasema, "Nilichoka toka ile ya nne."

"Koridoni?"

"Ya nne tu. Yule sista alisema ukichoka kaa. Nilikiona kiti. Nilikitaka kile kiti, Hamisi, kama mtu anavyotaka maji." Akavuta hewa. "Lakini nikakuangalia usoni. Ulikuwa unafurahi sana. Nikasema, nisimuangushe."

Nililia pale jukwaani mbele ya wauza mayai, mtu mzima na ndevu zake. Yeye ndiye aliyenibembeleza, kwa mkono uleule wa zamani, mgongoni, kama nina miaka mitatu.

Baadaye akasema, kama anaendelea na mazungumzo mengine, "Baba walimchagua mara tatu. Halafu akafa kwa kifua, na vumbi lao la mkonge ndani yake. Hilo mbona hatukulisimulia?"

Treni ilikuja kesho yake.

Hapa nyumbani

Hayo ndiyo mliyotaka kujua. Zena sasa yuko kwangu, chumba cha uani, kwa sababu Kakese hawezi tena kuteka maji. Watoto wanakwenda shule kutokea hapa. Mnakuja kumwona, mnakuja na ndizi na sukari, tunashukuru. Mkifika mlangoni mnapiga hodi, mnauliza, "Habari za mgonjwa?" Naye anajibu kwa sauti nzuri, "Salama, karibuni, mimi sijambo." Mnakaa, mnacheka, mnaondoka mnaambiana njiani kwamba Zena ana nafuu. Nawasikia mkipita hapa kwenye benchi.

Juzi nilishindwa kuvumilia. Nikapaza sauti kutoka huku nikiwa na gurudumu mkononi: "Hajambo wapi! Hana nafuu!" Wageni wakacheka, wakadhani ni masihara. Zena naye akacheka, kwa ajili yao.

Kwa hiyo nawaomba kitu kimoja tu. Mkija, msimuulize habari yake. Kaeni, kunyweni maji, halafu muulizeni analalia mito mingapi. Alipotoka Dar ilikuwa mitatu, huo wa kwake na miwili ya Sista Joyce. Nilikuwa namuuliza kila asubuhi, naye alikuwa ananiambia inatosha, inatosha. Jana sikuuliza. Aliniita mwenyewe akasema niongeze wa nne.